KIFUU CHA NAZI NA TOPE LA BAHARI: JE, TAKATAKA YAWEZA KUWA DAWA?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitia katika insha hata ikatuchosha. Mimi, kwa kusema kweli, sikuijua maana yake mpaka mwaka jana, siku nyanya yangu aliponituma kununua chaza.

Huenda ukauliza, kununua chaza kuna ajabu gani? Ajabu ni kwamba nyanya hakuwahi kununua chaza maishani mwake. Maji yakipwa, yeye hufunga leso yake kiunoni, akachukua kisu na kapu, akateremka mtoni kuwabandua chaza katika mizizi ya mikoko. Nilipomwuliza mbona leo tununue, alinijibu, "Mwanangu, chaza wa pale chini siku hizi wanuka oili. Hawaliki."

Nilinyamaza kimya kwa sababu nilijua oili hiyo ilitoka wapi. Ilitoka mikononi mwangu. Mjomba wangu ana boti ya injini. Kila akibadilisha oili hunipa ile chafu katika dumu la lita nne, nikaimwage mbali. Mimi kwa uvivu niliimwaga pale pale karibu na mikoko, nikidhani maji yakijaa yataichukua. Nilifanya hivyo mara nane kwa muda wa karibu miaka miwili. Bahari ni kubwa, nilijiambia, itameza tu. Kumbe bahari nayo huweka akiba, na ghala lake ni tope.

Nilimweleza mwalimu wetu wa kemia. Badala ya kunigombeza aliniambia, "Haya basi, chunguza, kisha uwaandikie wenzako." Tulikutana wanafunzi watano, watatu wa chama chetu na wawili wa Chama cha Sayansi, tukaanza kusoma na kujaribu. Swali letu lilikuwa moja: tope likishaingia sumu, laweza kusafishwa? Na je, laweza kusafishwa kwa vitu tunavyovitupa kila siku hapa kwetu, kama vifuu vya nazi na makombe?

1. TOPE NI NINI?

Wataalamu hawasemi tope, husema mashapo. Mashapo ni kila kitu kinachozama na kutua chini ya maji: mchanga, udongo, majani yaliyooza na vipande vya makombe. Mito ndiyo wachukuzi wakubwa wa mashapo. Tazama Mto Sabaki unaoingia baharini kaskazini ya Malindi. Mto huo ndio Galana, na Galana ndio Athi, na maji ya Mto Nairobi huingia katika Athi. Kwa hivyo mtu akitupa uchafu mtoni kule Nairobi, asidhani umepotea. Umeanza safari ya kuja Malindi. Wakati wa mvua kubwa maji ya bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa kwa udongo uletwao na mto huo.

Sasa kwa nini sumu hupenda kukaa topeni? Chukua kiazi kimoja ukipake rangi. Kisha chukua kiazi kingine cha ukubwa ule ule, ukikate vipande vidogo vidogo mia moja, uvipake vyote rangi. Utaona rangi iliyokutosha mara ya kwanza haitoshi tena, ingawa kiazi ni kile kile. Kitu kikigawika vipande vidogo, ngozi yake huongezeka. Punje za tope ni ndogo mno, ndogo kuliko unga. Konzi moja ya tope ina ngozi kubwa ajabu, na juu ya ngozi hiyo ndipo mafuta na metali nzito, kama vile risasi, shaba na zinki, hujishikiza.

Jambo jingine: usidanganywe na harufu. Tope jeusi la mikokoni hunuka kama yai bovu hata pale ambapo hapajatupwa taka yoyote. Harufu hiyo ni gesi yenye salfa. Huletwa na vijidudu vinavyoozesha majani mahali pasipo na hewa, na ni kazi ya Mungu ya kawaida. Risasi na zebaki, ambazo ni sumu kali, hazinuki hata kidogo. Tope lisilonuka laweza kuwa la hatari kuliko linalonuka.

2. SUMU HUFIKAJE SAHANINI?

Huanza kwa minyoo na viumbe wadogo wanaokula tope. Kaa humla mnyoo. Mkizi hufyonza tope lenyewe akitafuta chakula chake. Chaza naye hali tope, lakini huchuja lita nyingi za maji kila siku, na chochote kilichotibuka kutoka chini hupita tumboni mwake. Mwisho wa mlolongo huo ameketi nani? Mimi na wewe, na sahani ya wali wa nazi.

Ulimwengu ulipata funzo hili kwa uchungu huko Minamata, nchini Japani. Mwaka 1956 madaktari waligundua ugonjwa wa ajabu katika mji huo wa wavuvi. Watu walitetemeka, wengine wakapofuka, hata paka wa mtaani walishikwa na kifafa. Ilikuja kujulikana kwamba kiwanda kimoja kilikuwa kikimwaga maji yenye zebaki katika ghuba yao. Zebaki ilitua topeni, ikaingia katika samaki na makombe, kisha katika watu. Kusafisha ghuba hiyo kulichukua tangu mwaka 1977 hadi 1990. Walichimba tope jingi mno, wakalifungia nyuma ya ukuta na kulifunika kwa udongo safi. Pakatokea nchi kavu ya hekta 58. Msomaji mpenzi, huo ndio ukuta wa wahenga, tena ukuta wa kweli, uliojengwa kwa sababu ufa haukuzibwa.

Hata hapa Pwani tunayo yetu. Mwaka 1988 tani zipatazo 5000 za mafuta zilimwagika katika Hori ya Makupa, Mombasa, na mikoko mingi ikafa. Hori hiyo hiyo ilikuwa jirani na jaa la Kibarani, ambalo limekwisha kufungwa, na watafiti waliopima tope lake walikuta metali nzito. Tena hapo palikuwa na tuta la barabara lililozuia maji kupita vizuri, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2022. Maji yakikosa kupita, uchafu hutua.

Sisi wa Takaungu hatuna kiwanda cha mafuta wala jaa kubwa kama lile. Lakini tuna boti, tuna betri za tochi zilizokwisha, tuna makopo ya rangi, na tuna watoto wavivu kama mimi.

3. NJIA TATU ZA KUTIBU TOPE

Njia ya kwanza ni kuchimba, kama walivyofanya Minamata. Ubaya wake ni gharama, na pia tope likitibuliwa hupata hewa, na baadhi ya metali zilizokuwa zimefungika huachiliwa zikaingia majini. Ni kama kufagia chumba chenye vumbi jingi: ukifagia kwa pupa utalimeza wewe.

Njia ya pili ni kufunika. Hutandazwa mchanga au udongo safi juu ya tope bovu ili viumbe wasilifikie.

Njia ya tatu ni kunasa. Hapa tope huachwa mahali pake, ila huchanganywa na kitu kinachoishika sumu isitoke. Sumu yenyewe imo, lakini mnyoo akilila tope hilo, nyingi hupita tumboni mwake na kutoka bila kuingia mwilini. Walimu wa sayansi watanisamehe nikitumia mfano wa ulimbo. Ndege akitua juu ya ulimbo haruki tena. Hafi papo hapo, lakini hawezi kwenda shambani kula mtama wa watu.

Ni katika njia hii ya tatu ndipo takataka zinapopata kazi.

4. TAKATAKA ZENYE KAZI

(a) Kifuu cha nazi

Ulimbo bora wa sumu nyingi ni mkaa. Ndani ya mkaa mmejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mkaa wa kawaida ukipitishwa katika mvuke wenye joto la nyuzi 800 hadi 1000 hivi, vitundu huongezeka maradufu. Gramu moja ya mkaa wa namna hiyo yaweza kuwa na ngozi ya mita mraba 1000. Piga hesabu mwenyewe: uwanja wa mpira una mita mraba 7000 na kidogo, kwa hivyo gramu saba tu, yaani vijiko vichache vya chai, zatosha kuwa uwanja mzima!

Mkaa huo hutengenezwa kwa makaa ya mawe, kwa kuni, na kwa kifuu cha nazi. Cha nazi hupendwa sana kwa kuwa ni kigumu na vitundu vyake ni vidogo. Nchi kama Sri Lanka, India na Ufilipino huuza mkaa wa vifuu duniani kote, hasa kwa kuchujia maji ya kunywa. Sisi tulio katika nchi ya minazi, vifuu vyetu huishia jikoni kama kuni au hutupwa uani vikajaa maji na kuzaa mbu.

Je, mkaa umewahi kujaribiwa baharini? Naam. Mwaka 2006, katika ghuba ya San Francisco, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichanganya mkaa na tope mahali paitwapo Hunters Point, palipokuwa zamani na karakana ya manowari. Tope la hapo lilikuwa na kemikali ziitwazo PCB, zilizotumiwa zamani katika transfoma za umeme. Sumu iliyotoka topeni na kuingia majini ilipungua. Mwaka 2009 Wanorwe nao walitandaza mkaa uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi katika ghuba za Grenland, na sumu iliyokuwa ikipanda kutoka chini ikapungua vile vile.

Nilipomsimulia nyanya habari hizi alicheka sana. "Sisi tulikuwa tukifukia makumbi topeni papo hapo, wewe hujazaliwa," aliniambia. Ni kweli. Wazee wetu walifukia makumbi katika tope la ufuoni kwa miezi mingi ili yalainike, kisha wakayapondaponda na kupata usumba wa kusokotea kamba. Lakini jambo hilo ni jingine, lisichanganywe na hili. Makumbi mabichi huoza, na yakioza humaliza hewa iliyomo majini. Mkaa hauozi upesi. Ndiyo maana huaminiwa kukaa na sumu kwa miaka mingi.

(b) Makombe

Makombe ya chaza yana chokaa. Huko Japani na Korea, ambako chaza hufugwa kwa wingi, makombe hurundikana kama vilima. Watafiti wa huko wameyachoma, wakayasaga na kuyatia katika tope linalonuka. Chokaa hupunguza gesi ya yai bovu, tena huikamata fosfeti, ambayo ni mbolea inayoleta uozo mwingi majini. Chokaa si kigeni kwetu. Majumba ya kale ya Pwani yamejengwa kwa chokaa, na mafundi wa vyombo walipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, chini ya majahazi ili mbao zisiliwe na wadudu.

(c) Jivu la viwandani

Mkoani Hiroshima, Japani, chembe zilizotengenezwa kwa jivu la makaa ya mawe kutoka vituo vya umeme zimetandazwa juu ya tope bovu. Hili nalitaja tu ili msomaji ajue, sisi hatukulijaribu.

5. JARIBIO LETU

Tulichukua chupa nne za jemu, tukazipa majina A, B, C na D. Katika kila chupa tulitia vijiko vinane vya tope la mtoni, glasi moja ya maji ya bahari, na matone kumi ya wino wa bluu. Wino ndio uliokuwa "sumu" yetu, kwa kuwa huonekana kwa macho na hauna madhara. Kisha tuliongeza:

Chupa A: hatukuongeza kitu.
Chupa B: vijiko vitatu vya mkaa wa kuni uliosagwa.
Chupa C: vijiko vitatu vya mkaa wa vifuu uliosagwa.
Chupa D: vijiko vitatu vya makombe yaliyosagwa.

Mkaa wa vifuu tuliuchoma wenyewe ndani ya mkebe wenye kifuniko, mwalimu akiwa amesimama nasi. Hewa ikiwa nyingi utapata jivu, usipate mkaa. Vifuu kumi vikavu vilikuwa na uzito wa kilo moja na nusu. Baada ya kuchomwa tulipata gramu 400 za mkaa. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji mbele.

Mara ya kwanza tulishindwa vibaya. Mkaa wote ulielea juu kama mashua, haukuteremka kwenye tope. Tulijifunza kwamba lazima uroweshwe usiku kucha, vitundu vijae maji, ndipo uzame. Mara ya pili tulitikisa chupa, tukaziacha siku tatu.

Matokeo yalikuwa hivi. Maji ya chupa A yalipauka kidogo hata bila mkaa, jambo lililotuonyesha kwamba tope lenyewe hunasa. Maji ya B na C yalikuwa karibu meupe. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba C ilikuwa nyeupe zaidi, lakini wengine hatukuona tofauti ya kuapia. Chupa D ilikuwa kama A. Kuhusu harufu ya D, wawili walisema imepungua na watatu wakasema ni ile ile. Kwa hiyo hatuandiki kitu juu ya harufu.

Kisha tulimwaga maji yale, tukatia mengine safi ya bahari, tukatikisa tena. Hapo ndipo ukweli ulipodhihirika. Maji ya A yaligeuka bluu upya. Tope lilikuwa limeuweka wino, na sasa lilikuwa likiurudisha. Maji ya C yalibaki karibu safi. Tope pekee ni ghala lisilo na mlango. Mkaa ni kama kuutia mlango huo na komeo.

Tulishangilia, tukataka kwenda mbio mtoni na gunia la vifuu. Mwalimu akatuambia, "Mmejaribu wino. Sasa jaribuni kile mlichomwaga."

Tukatengeneza chupa E. Tuliitia tope, maji, mkaa wa vifuu, na vijiko viwili vya oili chafu. Wallahi, matokeo yalinivunja moyo. Oili iliufunika mkaa wote, ukashikana mabonge mabonge meusi, na juu ya maji ukabaki utando wenye rangi za upinde wa mvua. Tuliongeza mkaa, ukawa mabonge zaidi. Sumu ikiwa kidogo mkaa huishinda, lakini ikiwa nyingi mno vitundu huzibwa vyote na dawa huwa mgonjwa wa pili.

Halafu likaja swali ambalo hakuna aliyelijibu. Chupa E tuitupe wapi? Tusiimwage mtoni, kwani ndiko tulikokataa. Tusiifukie, kwa kuwa kisima cha shule kiko karibu. Tusiichome, moshi wake ni sumu. Mpaka leo ninapoandika, chupa hiyo iko rafuni maabarani, na kila nikiingia naiona. Vijiko viwili tu! Nami nilimwaga lita nne mara nane, yaani lita 32.

6. HESABU YA DAWA

Tuseme tungetaka kutibu pale mahali nilipomwaga. Nilipapima kwa hatua, nikapata mita kumi kwa kumi. Tukitibu kina cha sentimita kumi tu, hiyo ni mita za ujazo kumi za tope. Tuchukue kwamba kila mita ya ujazo ina tani moja ya tope likikaushwa. Jumla ni tani kumi. Katika majaribio ya namna hii huhitajika mkaa wa kiasi cha asilimia mbili hadi tano. Tukitwaa asilimia tatu, tunahitaji kilo 300.

Sasa rudi kwenye vifuu vyetu kumi vilivyotoa gramu 400. Kila kifuu ni gramu 40. Kilo 300 ni gramu 300,000. Gawanya kwa 40, utapata vifuu 7,500!

Na hapo bado hatujautia mkaa mvuke, kazi ambayo huupunguza tena. Vifuu elfu saba na mia tano, kwa sababu kijana mmoja hakutaka kutembea hatua mia mbili na dumu mkononi. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mwaga mwaga hujaza bahari sumu.

7. SI KILA TAKATAKA NI DAWA

Nawaomba wasomaji wasisome makala hii nusu, wakaanza kutupa kila kitu baharini kwa kisingizio cha kusafisha. Yapo mambo matatu ya kukumbuka.

Kwanza, kisa cha matairi. Miaka ya 1970 huko Florida, Marekani, watu walizamisha matairi kuukuu yapatayo milioni mbili karibu na mji wa Fort Lauderdale, wakisema yatakuwa makao ya samaki. Kamba zilizoyafunga zikakatika, matairi yakasukwasukwa na mawimbi yakaponda matumbawe ya kweli. Baadaye iliwabidi kuyatoa. Takataka ilipewa jina la dawa, lakini ilibaki takataka.

Pili, kisa cha Owino Uhuru, Mombasa. Hapo palifunguliwa mwaka 2007 kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi itumike tena. Kwa maneno, hiyo ni kazi nzuri ya kuchakata taka upya. Kwa vitendo, risasi iliingia katika udongo na katika damu za watoto wa kijiji. Phyllis Omido, mama aliyeongoza wakazi kudai haki, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu iliwapa ushindi mwaka 2024. Funzo ni kwamba neno "kuchakata" halimsafishi mtu. Uliza kwanza, moshi waenda wapi, na majitaka yaenda wapi?

Tatu, hata mkaa wenyewe una madhara yake. Kule Norwei ilionekana kwamba mahali palipotiwa mkaa laini, viumbe wa chini ya maji walipungua. Mkaa hainasi sumu peke yake. Wadudu wengine hukosa chakula. Kwa hivyo kazi hii si ya kufanywa na wanafunzi kwa gunia na koleo. Inahitaji idhini ya NEMA, wataalamu wa utafiti wa bahari kama wale wa KMFRI, na wavuvi wenyewe waulizwe. Sisi jaribio letu liliishia chupani, na ndivyo ilivyopasa.

8. HITIMISHO

Jibu la swali letu basi ni hili. Ndiyo, takataka kama kifuu yaweza kuwa dawa ya tope, ila ni dawa ya kumalizia. Haifai kuanza nayo. Mahali ambapo mfereji wa sumu bado unamwaga, kutia mkaa ni kupiga deki huku bomba likivuja. Kwanza funga bomba. Kisha yaache maji yapite na mikoko ikae, ndipo uzungumze habari za mkaa kwa sumu kidogo iliyobaki.

Mimi nilianza na bomba la nyumbani. Nilimwendea mjomba, nikamwambia yote, hata habari ya chaza wa nyanya. Alikasirika. "Kwani ni mimi peke yangu? Boti zote hapa zamwaga. Wataka nianze mimi?" Nikamjibu kwa adabu, "Ndiyo, mjomba, na mimi nitakusaidia." Alikaa siku nne hakusema nami. Siku ya tano alinunua mtungi mkubwa wa plastiki wenye kifuniko, akauweka kando ya banda. Sasa oili chafu hukusanywa humo, na ukijaa hupelekwa Kilifi kwa gereji inayowauzia wenye kazi ya kuisafisha. Wenye boti wawili wamemfuata. Wengine bado wanamwaga usiku.

Na nyanya je? Nilimwungama kwamba mkosaji ni mimi. Alinitazama kwa muda, akakunja leso yake, kisha akasema, "Basi wewe ndiwe utakayeninunulia chaza mpaka wale wangu wapone." Ndiyo kazi yangu kila mwisho wa juma, kwa pesa za kuuza vifuu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini punje ndogo za tope hunasa sumu nyingi kuliko mchanga.
2. Taja njia tatu za kutibu mashapo, na ubaya mmoja wa kuchimba.
3. Katika jaribio la chupa, kwa nini maji ya A yaligeuka bluu tena?
4. Ikiwa eneo lililochafuka ni mita tano kwa tano, kina ni sentimita kumi, na mkaa ni asilimia tatu, zitahitajika nazi ngapi?
5. Jadili: "Owino Uhuru palichakatwa taka, lakini hapakusafishwa kitu."
6. Wewe ungeitupa wapi chupa E? Mwenye jibu zuri amlete mwalimu mlezi wa chama.

MSAMIATI

Mashapo: vitu vinavyozama na kutua chini ya maji.
Maji kupwa: maji ya bahari kurudi nyuma na kuacha ufuo wazi.
Hori: mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu.
Ulimbo: utomvu unaonata wa kunasia ndege.
Usumba: nyuzi za makumbi ya nazi.
Deheni: mchanganyiko wa chokaa na mafuta wa kupaka chini ya vyombo vya bahari.
Komeo: kipande cha mti au chuma cha kufungia mlango.